Asumini za Kufungwa kwa Uzi

Kosa wanalolifanya wengi mti wa nyumbani unapogoma kutoa maua mwisho wa joto ni kuuzidishia maji. Wanaona majani yameungua kingo, wanakimbilia bomba. Kesho yake hakuna kilichobadilika, wanalifungua zaidi. Hawaulizi maji hayo yanatoka wapi, wala mti ulikuwa ukinywa nini kabla ya hapo. Natanguliza habari hiyo kwa sababu barua ya leo ya safu hii, iliyotoka Mabela hapa Oman, inayataja maji kwa kupita tu, na mwenye barua anadhani shida yake ni nyingine. Majina nimeyabadilisha.

Bibi, shikamoo. Nakuomba unisaidie na nakuomba usinicheke, ingawa najua utacheka, maana hapa nnapokuandikia nna kidonge cha uzi mweupe mfukoni na sithubutu kukiacha mezani, mume wangu asije akaniuliza nashona nini.

Mama mkwe wangu, Bi Raya, naishi naye mwaka wa tisa huu na hajapata kunitolea neno zito, hana mtoto wa kike, ananiita mwanangu mbele za watu na nyuma yao, na chini ya dirisha la chumba chake ana mwasumini alioupanda mwenyewe tulipohamia nyumba hii, na kila mwaka joto linapoanza kulegea, mwezi wa nane kwenda wa tisa, ndipo unapomwaga maua, na asumini za mwanzo hampi mtu yeyote, hata wanawe, anazitunga kikuba pamoja na rehani, anakuja kunibandika mwenyewe kifuani na kuniambia, "Haya, umekuwa bibi harusi tena."

Mwaka huu, mwisho wa mwezi wa sita, alikwenda Salala kwa shemeji yangu Murshid kupumzika na manyunyu ya kule, na siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Nyumba ina wenyewe. Mimi nakuachia mwasumini tu." Basi Bibi, nimeumwagilia asubuhi na jioni, na siku za jua kali hata mchana, kwa mpira wa maji ya kisima tunayomwagilia bustani yote, na bugenvilia ya ukutani, hii tunayoiita jahannamia, imewaka nyekundu kama haina habari, msanapichi umejaa mpaka watoto wanaokota maua kwa ndoo, lakini mwasumini wa watu majani yameungua kingo, udongo wake umefanya weupe kama umenyunyiziwa unga, na tumba hata moja sijaliona.

Yeye akawa anapiga simu kila siku baada ya alasiri, "Umechanua?", siku ya kwanza nikasema bado kidogo, ya pili nikasema umeanza, ya tatu sijui shetani gani alinishika ulimi nikasema, "Tele, Mama, nyumba nzima inanukia," akafurahi, akasema, "Nionyeshe," yaani kwa simu ya picha, nikamwambia leo mtandao mbaya, na kesho yake nikamwomba mume wangu Yaarub anipeleke Ruwi eti kutafuta kitambaa, nikanunua asumini kwa Wahindi wanaouza maua ya nywele, tukarudi, mimi na Namirembe, dada wa Kiganda anayetusaidia kazi za nyumba, tukachutama juani tukizifunga mojamoja kwenye vijiti kwa uzi, na Namirembe ananiambia, "Madamu, mimi nilifikiri nimekuja Oman kupika, kumbe nimekuja kuvalisha mti nguo," mimi nacheka huku machozi yananitoka.

Nikampigia, Namirembe yuko pembeni yangu. Akatazama sana, akauliza, "Mbona yanatazama chini?" Nikasema, "Upepo, Mama." Akasema, "Upepo wa huko umekuwa na adabu, umeyainamisha yote sawasawa." Nami nikacheka cheko la uongo. Kisha akaniuliza, "Hicho kiyoyozi cha chumbani kwangu, mnakiwasha?" Nikaona hapo ndipo pa kujisifu, nikamwambia, "La, Mama, tulikizima siku ileile uliyoondoka, kipoze chumba kitupu cha nini?" Akasema, "Basi, mwanangu." Na tangu siku ile maua hayataji tena, ataniuliza watoto, ataniuliza nimepika nini, maua hayagusi.

Alhamisi anarudi. Nifanye nini, Bibi, ninunue mti mwingine uliochanua niuchomeke palepale, au niung'oe huu niseme umeliwa na mbuzi wa jirani? Sijui kama atanibandika kikuba tena maishani mwangu.

Mkwe mwenye haya, Mabela

Marahaba, mwanangu. Ulinikataza kucheka na nimecheka, tena Namirembe umpe salamu zangu. Sasa futa machozi unisikilize.

Mbuzi wa jirani mwache, hana kosa. Mti usiung'oe na mwingine usinunue, kwa sababu wako haujafa. Una kiu, na umekuwa na kiu huku umesimama majini. Nitakueleza.

Kiyoyozi kinapopoza hewa ya kwetu ya mwezi wa saba, hewa nzito unayoweza kuikamua kama dusta iliyolowa, unyevu wake hugeuka maji, na maji hayo hutolewa nje kwa kibomba chembamba kinachotokeza ukutani. Sijafika nyumbani kwenu, lakini toka nje uangalie kibomba cha chumba cha Bi Raya kinadondokea wapi. Sitashangaa ukikuta kinadondokea shinani pa mwasumini. Maji yale hayana chumvi. Kwa miaka yote hiyo, joto lilipozidi kiyoyozi kilifanya kazi zaidi, na kilipofanya kazi zaidi mti ulikunywa zaidi, tone baada ya tone, mchana na usiku, bila mtu kuamka kuushughulikia. Bi Raya alipanda pale kwa akili yake.

Ninyi mmeufungia mfereji huo mwisho wa mwezi wa sita, halafu wewe, kwa mapenzi kabisa, ukaupa maji ya kisima mara mbili, mara tatu kwa siku. Kisima chenu kina chumvi. Ule weupe unaoufananisha na unga ndio chumvi yenyewe, maji yamekauka ikabaki. Jahannamia na msanapichi huivumilia, ndiyo maana vinachanua bila kukujali. Mwasumini hauivumilii. Kila ulipouhurumia ukaufungulia mpira, uliuongezea chumvi.

Kwa hilo sikugombezi, hukujua. Kwa uzi ule nakugombeza.

Mwanangu, mwanamke aliyetunga vikuba tangu ujana wake unamwonyesha asumini zilizochanua wazi kwenye jua la alasiri, ukamwambia upepo? Asumini huanza kufunguka jua likizama. Mchana wa joto kama huu, za jana zimekwisha kunyauka au kuanguka, na za leo bado ni tumba. Alijua pale pale. Tena nadhani alijua hata kabla hajaona, kwa namna ulivyosema "tele".

Angeweza kukuaibisha, na msichana wa kazi amesimama pembeni anasikia. Hakutaka. Akatafuta mlango mwingine wa kuingilia, akakuuliza habari ya kiyoyozi. Wewe ukadhani anahesabu umeme. Alikuwa anakupa dawa ya mti wake bila kukuita muongo, nawe ukaikataa dawa na kujisifu juu yake. Na kama sasa hayataji maua, usidhani amekasirika. Ameacha kuuliza ili usilazimike kudanganya tena. Mkwe wa namna hiyo unamfichia nini?

Kwa mti, fanya hivi. Nyuzi zikate kwa mkasi mdogo, usizivute, zitachuna ganda la vijiti. Mpira wa kisima uusogeze mbali nao kabisa. Jioni chukua maji ya bomba la jikoni, yale mnayokunywa, si ya kisima, ndoo nne au tano, uyamwage polepole shinani yapenye mpaka chini, ili chumvi ishuke ipite mizizi. Hiyo ni mara moja tu, kisha uuache upumue siku mbili tatu. Ncha zilizokauka zipunguze. Tawi lenye ubichi hata kidogo usiliguse, wala usiutie mbolea, mgonjwa hashindiliwi pilau. Baada ya hapo maji ya kiyoyozi yatautosha, na siku ambayo hayatoshi, tega ndoo chini ya kibomba cha chumba chenu uupelekee.

Hautachanua Alhamisi. Nakwambia mapema usije ukaenda tena Ruwi. Ukiupa wiki nne au tano za maji matamu, huenda ukaona tumba kabla joto halijaisha kabisa, na kama si mwaka huu, basi mwakani.

Bi Raya akifika, mwache aoge, ale, apumzike, kisha mpeleke mwenyewe dirishani umwonyeshe mti ulivyo, na umsimulie yote, kitambaa cha Ruwi, uzi, upepo wenye adabu, usiache kitu. Namirembe naye awepo, maana kuna sehemu atazisimulia vizuri kuliko wewe. Rehani mnazo, hizo hazikukudai uongo. Chuma vishada viwili vitatu, uvifunge, na safari hii wewe ndiye umbandike yeye kifuani. Hana mtoto wa kike mwingine wa kumfanyia hivyo.

Lakini hayo ni ya Alhamisi. Leo hii ingia chumbani kwake, washa kiyoyozi, kisha mpigie simu umwambie, "Mama, nimekiwasha."