Kelele Zilizonishika Mwili

Kishiwada, Osaka
18 Oktoba 1994

Mpendwa Dada Shizue,

Hujambo, dada yangu? Shemeji Kenzo na wajukuu hawajambo huko Brazili? Mgongo wako je, umekubali kunyooka, au bado unachambua mboga umekaa kwenye kreti kama ulivyoniandikia? Mimi ni mzima, ila masikio yananivuma kidogo. Ukiendelea kusoma utajua sababu.

Mama mkwe yuko vilevile. Hatoki kitandani, hasikii, na uji anakula akijisikia. Mwaka wa kumi na moja sasa. Mume wangu Teruo bado anaendesha lori la kwenda Kyushu. Kwangu yupo siku mbili kwa wiki, na hizo nyingi amelala.

Jambo hili sijamwambia mtu. Jumapili moja mwezi wa tisa nilikwenda Osaka mjini kumnunulia mama mkwe dawa ya vidonda vya mgongoni. Bi Okada, jirani, alikubali kumwangalia kwa saa mbili. Nilipokuwa narudi stesheni, nilisikia sauti ikitoka chini ya jengo moja jembamba, kama msumeno ulionasa kwenye chuma na haukubali kuachia. Nikadhani mashine imemshika mtu. Nikashuka ngazi mbio, mfuko wa dawa mkononi.

Mlangoni alikaa msichana aliyenyoa kichwa.

“Mama, unamtafuta nani?”

“Kuna aliyeumia?”

“Bado,” akasema, akacheka. “Ni muziki huo. Ingia uone mwenyewe.” Akanipa vipande viwili vya pamba niweke masikioni.

Ningeweza kurudi juu, dada. Kwa nini sikurudi, sijui. Ndani walikuwa watu kama thelathini, wamesimama kimya kama wako msibani. Mbele mwanamume mmoja alipiga magoti mbele ya meza iliyojaa nyaya, akikwaruza bati kwa msumari, na kila mkwaruzo ulitoka kwenye maspika kama nyumba inayoanguka. Hakukuwa na wimbo, wala ngoma ya kufuata. Nikageuka nitoke, nikakuta watu wameziba mlango nyuma yangu, na hakuna aliyenisikia nilipoomba njia.

Basi nikasimama. Meno yalitetemeka, halafu mbavu, halafu sikujua tena mwili wangu unaishia wapi na wa mtu aliye kando yangu unaanzia wapi. Nilimwona mama yetu akiosha figili kisimani, wazi kabisa, nikaona hata mkono ule wenye kovu. Machozi yakanitoka yenyewe. Muda ukapotea. Zilipokatika zile kelele, ukimya ulinipiga kama kofi, na hapo ndipo nikahisi koo linaniuma na sauti imekauka. Kumbe nilikuwa napiga mayowe. Nilisema nini? Nakumbuka machache, na hayaandikiki. Yalimhusu mama mkwe, na Teruo, na ile siku nilipoletwa nyumba hii. Watu thelathini walikuwepo na hakuna aliyesikia neno.

Nikakaa kwenye ngazi. Yule msichana akaniletea chai ya baridi. “Mara ya kwanza huwa hivyo,” akasema, akanipa kanda ya muziki wao.

Nilifika nyumbani nimechelewa kwa saa tatu. Bi Okada alikuwa ameondoka kwenda kwake, na mama mkwe alikuwa amelala kwenye uchafu wake, analia bila sauti. Wifi Yasuko, aliyeitwa kwa simu na Bi Okada, akaingia nyuma yangu. Hakunigombeza mbele ya mama yake, alinivuta jikoni.

“Ulikuwa wapi?”

“Nilipotea njia.”

“Miaka thelathini unaishi hapa, umepotea?” Akafunga kabati polepole. “Basi usitoke tena. Dawa nitaleta mimi.”

Tangu siku hiyo anapiga simu saa nne, saa nane na saa kumi na moja, kuhakikisha nimo ndani. Teruo nilipomwambia, alisema tu, “Si anasaidia?” akaendelea kula.

Mchana nilianza kusikiliza kanda kwenye redio ya jikoni, kwa vipokea sauti vya masikioni. Nikipandisha sauti hadi mwisho, kuta zinaondoka. Lakini mimi siondoki, nabaki palepale nimeshika sinki. Kanda ikiisha, vyombo vinaningoja.

Juma lililopita waya ulichomoka, kelele zikalipuka nyumba nzima. Nikakimbilia chumbani kwa mama mkwe, nikamkuta kateremsha mkono kitandani, kiganja juu ya sakafu, macho yamemtoka.

“Nani kawasha mitambo?”

Hasikii, dada. Alizisikia kwa mbao za sakafu. Nikamletea redio yenyewe, nikauweka mkono wake juu. Akafumba macho. Akaniambia, kwa maneno mengi kuliko aliyonipa mwaka mzima, kwamba alipelekwa kiwanda cha kusokota uzi akiwa na miaka kumi na mitatu, na masikio yake yalibaki huko. Walilala bweni lililofungwa kwa nje. Aliruka ukuta mara mbili. Mara ya pili walimrudisha wakimburuta kwa nywele.

“Kazini tulikuwa tunapiga kelele,” akasema. “Matusi yote. Nani angesikia?”

Akaondoa mkono juu ya redio.

“Wewe hakuna aliyekufungia kwa nje, Mitsuyo. Mbona huendi?”

Nilimgeuza ubavu, nikampaka dawa.

Dada, umenialika Brazili mara tatu, na mara tatu nimekujibu kwamba mama mkwe hana wa kumwachia. Ni kweli, hana. Ila mwenyewe ameniuliza swali lile, nikajikuta natafuta sababu nyingine haraka haraka, kama mtu anayetafuta nguo ya kujisitiri. Hilo ndilo linalonitisha. Ukiandika, niulize tena mara ya nne. Safari hii sitamtaja yeye, na sijui nitaandika nini.

Nisalimie shemeji Kenzo, na Harumi na mumewe, na huyo mjukuu mdogo ambaye hajawahi kuniona. Mungu wa huko na miungu ya huku wakulinde, mgongo na yote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika,

Mitsuyo