Nilivyomwambia Dada Faili Limeoza

Jumatatu, 9 Juni
Kompyuta zote duniani zingekuwa na mfalme, ningeshatawazwa zamani. Hii ya nyumbani ilikuwa maiti. Nikaifufua kwa bisibisi na kisu cha mama cha kumenyea viazi! Waliomaliza shule waje niwafundishe. Mimi kidato cha pili kilinitosha.

Leo dada kanipa flashi. Yeye ni karani kwenye kampuni ya maziwa. Bosi anamsingizia eti alijiamulia kuzima chumba cha baridi, maziwa yote yakachacha. Dada anaapa bosi mwenyewe alimwagiza, tena kwa barua pepe. Akaunti yake wameshaifunga. Bahati alikuwa na nakala ya barua zake zote kwenye flashi. Kikao Ijumaa saa nne. Bila barua ile, kazi hana.

Injinia, utaweza? kaniuliza.

Eti nitaweza! Nimemwambia yeye alete chai tu.

Jumanne, 10 Juni
Faili moja, kubwa kama tembo. Programu ya barua inalimeza, inafika nusu, inatapika. Maandishi mekundu ya Kiingereza. Sikuyaelewa yote, ila mekundu hayajawahi kuwa pongezi. Mama kapita na ufagio: hilo dude limekushinda? Nikamwambia ndiyo kwanza linanizoea.

Jumatano, 11 Juni
Nimelikamata! Diski ilikuwa imejaa — filamu zangu na mechi. Barua zinaingia kuanzia za zamani, nafasi ikiisha zinakatika. Zilikwama Machi mwaka jana. Nimefuta filamu kumi na moja. Msiba! Nikaanza upya, na huku nasubiri nikachungulia zilizokwisha kuingia. Sikuwa natafuta kitu.

Chuo cha ufundi.

Kile kile nilichoomba mwaka jana! Sikuwa na anwani, nikaweka ya dada. Wamemwandikia: mdogo wako amepata nafasi, aripoti. Na yeye kajibu mistari miwili. Samahani, mdogo wangu hayuko makini, hatamaliza. Nafasi apewe mwingine.

Hayuko makini.

Na aliniambia wamenikataa! Akaninunulia soda. Akanipigapiga bega, akasema hao hawajui walichokosa. Nami nikainywa yote, mpaka chupa ikalia.

Alhamisi, 12 Juni
Vipi Injinia? Ndivyo alivyoingia, hata viatu hajavua. Nikasema faili limeoza. Haliokoleki.

Nilijua atanishukia kwa matusi, nami nimwage yangu. Wala. Kakaa kitandani kwangu, kashika mkoba mapajani. Basi, umejitahidi mdogo wangu.

Mdogo wangu! Maneno yale yale.

Nikamuuliza, hivi kile chuo walisema nini hasa? Kaangalia ukuta. Nafasi zilijaa, kasema. Angesema kweli pale, naapa, na mimi ningesema yangu. Baadaye nimemsikia jikoni akimwambia mama asinilaumu, mtoto kahangaika na lile faili wiki nzima.

Mtoto!

Ijumaa, 13 Juni
Katoka saa mbili na nusu. Blauzi kaipiga pasi mara mbili. Mimi nilijifanya nimelala, shuka hadi masikioni.

Saa nne kasoro dakika tano. Mama kachungulia: kweli hakuna namna, baba? Nimemjibu nimejaribu zote.

Barua ya bosi iko hapa kwenye kioo. Zima chumba cha baridi Jumamosi mpaka Jumatatu, usimuulize fundi. Jina lake chini. Simu ina chaji. Kupiga picha na kumtumia dada ni kufumba na kufumbua.

Saa nne. Watakuwa wanavuta viti.

Alianza yeye. Nimeiandika mara tatu na kuifuta, alianza yeye, alianza yeye. Na kweli alianza! Kwa nini basi naangalia saa kila dakika?

Saa nne na dakika saba. Kama wamempa nafasi ya kusema, anasema bila karatasi hata moja.

Diski haikukataa. Faili halikuoza. Liliingia lote Jumatano, jua bado liko juu, na barua hii nilikuwa nimeshaisoma. Nilimwangalia dada usoni nikamdanganya, na simu bado iko mezani, sijai— Basi, naichukua, napiga picha.