Kanda ya Wazee wa Wanja

Madungu, Chake Chake
3 Septemba 1994

Kaka Zahran,

Assalamu alaykum. Nakuandikia hina yangu bado haijafutika. Kanda yako ilifika tukiwa fungateni, na Thuwein wangu, mume mpole kuliko wote Pemba, aliipiga mpaka betri zikaisha. Kumbe lile kundi la roki ulilolipenda bado linatoa albamu mpya. Sauti zimepungua, lakini kwenye jalada wamejipaka wanja na kuvaa visigino virefu vilevile.

Jana Baba alikuja kututazama, akaliona jalada mezani. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyoivunja santuri yako na kukufukuza kwa kuvaa viatu kama vyao.

Baba akavaa miwani.

"Hawa si wale wa Zahran?"

"Ndio, Baba."

"Mbona wamezeeka?"

"Ila wanja bado upo, Baba," akasema Thuwein.

Baba hakucheka. Aliitazama tena ile picha, akauliza, "Na yeye keshaota mvi?"

Nikamwambia sijui. Kaka, usinitumie picha. Njoo aone mwenyewe.

Nduguyo, sasa mke wa mtu,
Hamdiya