Jezi Namba Tisa

Jumapili jioni

Si kushushwa daraja kunakonichoma. Ni hii jezi namba tisa.

Mechi ilikuwa Gilgil, na mvua haikuacha kunyesha tangu mwanzo. Tulifungwa nne bila. Nililia hapo kando ya uwanja kama mtoto. Kisha nikapewa gunia la jezi kama kawaida, kwa sababu mimi ndiye huzifua. Miaka sita sasa, na hakuna aliyenituma.

Mama alikuwa na wageni wa kanisa leo. Aliniomba nibaki nimsaidie na chai, nikamwambia timu inanihitaji. Akanijibu: "Haya, nenda kwa watu wako."

Watu wangu!

Nimefungua gunia hapa nyumbani. Jezi ya kipa ni matope matupu. Ya beki wetu mdogo imepasuka begani. Halafu hii namba tisa ya kapteni, straika wetu, aliyecheza dakika zote tisini: imelowa maji ya mvua, lakini haina hata doa. Hakuanguka hata mara moja. Na bado alikuja kunishika mkono, eti, "Pole mathe, tulijaribu."

Mathe, yaani mama. Na nina miaka thelathini na mbili.

Nimeifua hata hivyo, peke yake kwa beseni. Maji yalibaki safi, nikapiga deki nayo sebuleni. Wageni wa mama, waliotoka tu kanisani na kukaa kwa viti, walikuwa wameacha matope mengi kuliko kapteni.