Betri Zilizoanikwa Juani

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba. Hapa Ujiji tu wazima. Babu yako goti bado linamsumbua, ila msikitini anakwenda kwa miguu, bodaboda hataki. Shangazi yako kafungua duka la mchele kule Gungu.

Unauliza kwa nini gemu umelimaliza na bado unashindwa kulifuta kwenye simu. Umenikumbusha Nyota.

Miaka ile ya wakimbizi, nikiwa bado naishi kwa mama, mama alimpokea Nyota kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Alikuja na kigemu cha mkononi, kile cha matofali yanayoshuka. Ndani yake zilikuwamo pointi za juu kabisa za kaka yake, aliyepotezana naye njiani. Nyota alicheza kila siku na hakuwahi kuzifikia.

Kioo kikaanza kufifia. Mama akafanya kama tulivyofanya kwa betri za redio: akatoa betri za kigemu, akazianika juu ya bati zipate nguvu. Hatukujua kwamba betri zikitoka, kila kitu kinafutika. Alipozirudisha, kigemu kiliwaka vizuri, lakini pointi zilikuwa sifuri.

Nyota akampa mama kigemu. "Cheza wewe, mama. Weka zako."

Mama alicheza vibaya mno, tukacheka sote watatu.

Siku Nyota anarudi kwao, mama alimpa betri mpya. Nyota alizifunga kwenye ncha ya kitenge chake, hakuzitia kwenye kigemu. "Nikibadilisha, mama, na wewe utafutika."

Kama simu yako ina nafasi, gemu lako liache.

Bibi yako