Geji Uliyoisoma Wewe

Mwalimu,

Jumamosi nilikuja Kasulu kukuzika. Mama alituma mtu kutoka Kagerankanda mpaka huku Kibondo ninakofanya kazi, aniambie nisikose. Maneno yake yalikuwa haya: "Mwalimu yule alikusamehe, mwana wanje. Nenda ukamlilie." Basi nilikuja. Kulia sikuweza.

Nilisimama nyuma ya wanakwaya. Mwalimu mwenzako mmoja akasimama kukusifia, akasema ndiwe uliyewafundisha wanafunzi wa Kasulu kutengeneza roketi, wakati shule nyingine hazina hata taa ya maabara. Kisha akashusha sauti. "Bahati mbaya tu, binti mmoja alikosea kusoma geji." Watu wakaguna kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa yako. Mimi nilikuwa pale pale, na jicho langu moja, nikiangalia jeneza.

Acha nikukumbushe, maana tunaojua ni wewe na mimi tu, na wewe umeshajiondokea.

Ulikuwa mwaka ule malori ya chakula cha wakimbizi yalipoanza kupita barabarani kwetu mchana kutwa. Fundi wa matairi pale stendi alinunua geji mpya ya kupimia upepo, ile ya zamani akakupa wewe. Ulikuja nayo darasani umeifunga kwenye leso utadhani yai. Roketi yenyewe ilikuwa kipande cha bomba la plastiki lililobaki kwenye mradi wa maji: maji nusu, hewa nusu, mpira wa kujazia upepo chini, na pampu ya mguu. Wavulana walitaka irushwe siku hiyo hiyo. Ulikataa. Ulisema bomba lile lina kiasi linachoweza kuvumilia, na hakuna jicho la mtu linaloweza kuuona upepo uliomo ndani. "Bila geji hii si roketi," ulisema, "ni bomu."

Ukanichagua mimi niisome. Msichana peke yangu kwenye klabu, na ukanichagua mimi. Kila jioni tulilifunga bomba kwenye mkaratusi nyuma ya maabara, bila kurusha kitu. Tunajaza, tunasimama, tunaangalia. Mshale ukishuka wenyewe, tunajua pana mahali panavuja, tunapaka povu la sabuni mpaka tupaone. Anayepampu ameinama, haoni kitu, anaisikiliza sauti yangu tu. Nikisema hamsini, mguu unasimama. Zaidi ya hapo ulikataza kabisa.

Na mshale ule ulikuwa mvivu. Vumbi letu jekundu lilikuwa limeingia ndani, unakwama kwenye thelathini huku upepo umeshapita arobaini. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha dawa yake. Ulinishika kidole ukakigongesha kwenye kioo, mshale ukaruka. "Gonga kwanza, Editha, ndipo usome. Usimwamini huyu." Nilikupenda, Mwalimu, kama mtoto anavyompenda mtu mzima wa kwanza aliyewahi kumuuliza anafikiri nini.

Halafu akaja mgeni rasmi.

Viti vilipangwa, wazazi wakaitwa, baba na mama wakaja, baba na koti lake la kanisani. Ulivaa tai. Ulinichukulia geji mkononi ukasema, "Leo nitasoma mwenyewe. Wewe kaishike roketi, isiegemee." Nikaenda kuishika. Mgeni alikuwa anakuuliza maswali, nawe unamjibu huku unacheka, geji umeifumbata kiganjani, viti viko mbali wasiione. "Thelathini," ulisema. Pampu ikaendelea. "Thelathini bado." Niliona mkono wako wa pili uko mfukoni. Nikasema, "Mwalimu, gonga." Ukanitazama kama mtu aliyekohoa wakati wa sala. "Nyamaza, mgeni anaongea."

Baada ya hapo ninakumbuka mlio, na mama akiniita.

Jicho la kushoto lilikwenda. Kwa hilo sikulaumu, ajali ni ajali, na mtu aliyevaa tai mbele ya mgeni anaweza kusahau. Ninalokudai ni la siku ya pili, pale hospitali, ulipokaa kwenye ukingo wa kitanda changu ukamwambia baba kwamba nilisoma vibaya nikakutajia thelathini, na kwamba shule imenisamehe. Nilikuwa nimefungwa bendeji uso mzima. Ulidhani nimelala? Baba alikushukuru. Alikushukuru, Mwalimu, akakupigia na magoti. Amekufa akiamini kwamba mwanawe alijipofua mwenyewe kwa uzembe, na klabu ikafungwa kwa wasichana kwa sababu yangu.

Miaka yote nilikutafutia udhuru. Nilijiambia kishindo kile kilikufuta kumbukumbu, kwamba unaamini kweli kuwa geji nilikuwa nayo mimi.

Mpaka mwaka jana ulipokuja Kibondo kwenye harusi ya mdogo wako, kichwa kikakuuma, ukaletwa kwenye kliniki yetu. Nikakufunga kitambaa cha presha mkononi, nikapampu, na kabla ya kusoma nikagonga kioo kwa ukucha. Siwezi kuacha. Ukanitazama ukucha, ukanitazama uso, ukatabasamu.

"Bado unagonga," ukasema.

"Ego, Mwalimu," nikaitikia kwa Kiha.

Nikangoja. Nilikuwa nimekushika mkono bado, chumba hakina mtu mwingine, nikangoja neno la pili. Ukauliza kama dawa za kwenda nazo nyumbani zipo za kutosha. Nikakusomea namba zako jinsi zilivyokuwa, nikakuhesabia vidonge, ukaondoka.

Kwa hiyo hukusahau. Ulikuwa unajua pale kitandani, ukajua kila baba alipokusalimia kwa kuinama, ukajua mpaka unaingia kaburini. Hilo ndilo lililonikausha machozi Jumamosi.

Jumapili ninakwenda Kagerankanda. Mama hajui kusoma, nitamsomea barua hii yote kwa Kiha, taratibu, asipitwe na kitu. Kisha, namjua mama, ataniuliza kama na mimi sasa nimekusamehe.

Nitamwambia hukuniomba.

Lala huko, Mwalimu.

Ni mimi, mwanafunzi wako wa geji,
Editha