Kadi Nyekundu ya Shemeji

Ovide, nimempiga shemeji Lucien kwa mkongojo wake mwenyewe, ndani ya bunge la jimbo, Baton Rouge. Nimemvunja taya.

Unajua nilikwenda kuunga mkono ule mswada wa kuweka kikomo cha fidia za mahakamani, maana fidia hizo zimepandisha bima ya malori yangu ya magogo, inanimaliza. Mlangoni pa kamati nikajaza kadi ya kijani, ya wanaotaka kuzungumza kuukubali.

Kugeuka, namwona Lucien anajaza nyekundu, ya wanaopinga. Lori la magogo, si langu, lilimkata mguu mwaka jana na kesi yake bado haijaamuliwa.

Akaniuliza mbele ya watu, "Hebu sema, bwana kikomo, mguu wangu mwisho dola ngapi?"

Nikamjibu, "We unanunua kiatu kimoja siku hizi, unalalamika nini?"

Watu walicheka, Ovide. Walicheka!

Akanitandika mkongojo mdomoni. Nikamnyang'anya, nikampiga, akaanguka. Nikampiga tena akiwa chini. Akiwa chini, Ovide, mtu wa mguu mmoja.

Jina langu liliitwa nikazungumze mbele ya kamati nikiwa nimeshafungwa pingu. Na kabla gari la wagonjwa halijafika, wakili mmoja alishamwekea Lucien namba yake ya simu mfukoni.

Wameniachia sasa hivi kwa dhamana. Nadine kanipigia: "Umempiga mume wangu akiwa chini. Mimi sina kaka."

Kwangu yametoka meno mawili. Taya la Lucien limevunjika sehemu mbili. Na dada nilikuwa naye mmoja tu.